Vikombe Kumi na Viwili na Kiganja Kimoja

Wapendwa Papa na Mama wa Kalemie, ninyi mnaokaa karibu na maji na ninyi mliohamia juu tangu ziwa lilipoingia uani kwenu. Wakuu wa mitaa, wakristo wa parokia zote, pamoja na wale wanaosema wataanza kusali Jumapili ijayo: tulieni, msikilize. Leo ninawaletea habari ya janga kubwa lililoangukia nyumba moja ya mji wetu. Janga hilo lilimtenga mama na mwanawe wa kumzaa kwa majuma kumi na moja. Halikuwa vita. Halikuwa kipindupindu. Halikuwa hata maji ya ziwa.

Ilikuwa namba. Na namba yenyewe ni mia mbili na hamsini.

Najua mlitegemea kitu kikubwa zaidi. Kaeni tu, mtalia baadaye.

Mama Alphonsine anakaa Kataki, katika nyumba ya vyumba viwili aliyoachiwa na mumewe, marehemu Papa Zacharie. Miaka tisa iliyopita Papa Zacharie alipanda boti ya mizigo kwenda Moba, na boti haikufika. Hakuna kaburi. Kuna koti lake kwenye msumari, na kiti ambacho Mama Alphonsine hakikalii hata mgeni anapokosa pa kukaa.

Kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, Mama Alphonsine alikuwa peke yake. Alifagia ua uliokuwa umefagiliwa. Alipika ugali wa mtu mmoja, na ninyi mnaojua kupika mnaelewa jinsi ulivyo mgumu ugali wa mtu mmoja: sufuria yenyewe inakushangaa. Lakini hakulalamika, kwa sababu Jumamosi ilikuwapo.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Rubens wa pikipiki alipiga honi nje ya ua.

“Mama, tupande! Bulanjeri yote inakungoja!”

“Wangoje kidogo. Kikombe hakijavaa.”

Kikombe hicho kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliomeguka upande mmoja. Alikipata akiwa msichana kule Kirungu, kwa masista waliomfundisha kuoka, na hakuwahi kupima kwa kitu kingine. Alikifunga kwenye kitambaa, akavaa kitenge chake cha njano, akapanda nyuma ya Rubens kwenda mjini, kwenye duka la mikate la mwanawe Siméon.

Huko alipima unga wa mikate ya sukari ya Jumapili. Mikate ya siku nyingine vijana waliioka wenyewe, lakini ile ya Jumapili ilimtaka yeye. Alipima kama wanavyopima mama wa sokoni: anachota, anazungushia mkono mdomo wa kikombe ili unga usimwagike, anaupandisha mpaka unakuwa na mlima. Vikombe kumi na viwili kwa kila beseni. Kisha, baada ya kikombe cha mwisho, aliongeza kiganja kimoja. Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akisalimiwa na wateja, akiulizwa habari za magoti yake, akila mchana mezani kwa mkwewe Yvette, akigombana na wajukuu. Jioni Rubens alimrudisha.

Siku sita alikuwa peke yake. Ya saba ilimtosha. Hayo ndiyo yote aliyokuwa nayo, na ninaomba myaweke kichwani.

Mwaka huu, kabla ya Pasaka, parokia ilimwagiza Siméon mikate mia sita kwa ajili ya watoto wa komunyo ya kwanza. Siméon si mtu mbaya. Ni mtu wa karatasi tu. Kitu kikiwa na muhuri anakiamini. Kikiwa na mistari anakiheshimu. Akaagiza mizani kutoka Kigoma, ile ya kisasa yenye namba zinazowaka.

“Mama ana mwaka wa sabini na mbili,” alimwambia Yvette. “Siku akilala mgonjwa, tutapika nini? Lazima kila kikombe kiwe gramu, kiandikwe, kibandikwe ukutani. Hapo hata muntu aliyefika jana kutoka Niemba ataoka.”

Lilikuwa wazo zuri. Ninalisema hilo wazi kwa sababu mambo mengi mabaya ya mji huu yalianza yakiwa mawazo mazuri.

Alhamisi baada ya Pasaka, Siméon alimtuma katibu kwenda Kataki na mizani. Katibu huyu alikuwa binti yake, mwanafunzi wa bweni aliyekuwa nyumbani kwa likizo, msichana wa miaka kumi na sita, mwenye akili nyingi, adabu ya kadiri na uso unaopendeza. Jina lake nitalifunika, maana hadithi hii haimhusu.

“Kambo,” alisema akiingia, maana ndivyo tunavyowaita hapa wazazi wa wazazi wetu, “nimekuja na balansi. Kuanzia leo mukono yako inapumzika.”

“Mukono yangu ilikuambia imechoka?”

“Njo vile Papa amesema.”

“Aa. Papa yako siku hizi anaongea na mukono yangu, na mimi hanipitii.”

Katibu aliweka mizani juu ya meza, akaweka juu yake kikombe kitupu. “Angalia, Kambo. Gramu mia moja na kumi. Uzito wa adabu yangu.”

“Adabu yako haifiki hapo. Ondoa kikombe, tuone kama itasoma kitu.”

Walicheka wote wawili. Kisha Mama Alphonsine akakaa, akafumba macho, akataja. Unga wa ngano, vikombe kumi na viwili pamoja na mlima wake. Maji, vinne. Sukari, viwili, nayo na mlima. Mafuta, kimoja. Chumvi kijiko kimoja, hamira vijiko viwili.

“Kisha kiganja kimoja cha unga juu.”

“Kiganja cha nini?”

“Cha Kambo yako Zacharie. Alikuwa anakula mukate wa kwanza ukiwa bado unaunguza, nikazoea kuongeza sehemu yake.”

“Lakini Kambo Zacharie hali tena.”

“Najua. Andika.”

Katibu alitikisa kichwa kwa heshima, na hakuandika.

Mama Alphonsine alitoka kwenda kununua makaa kwa jirani yake, Mama Cécile. Kazi ilikuwa ndefu: kupima kila kitu mara tatu, kama Siméon alivyoagiza, na yeye alitaka kumpikia mjukuu chai. Kwa mbali, mchangani, wasichana wawili, Abigaël na Lucie, walikuwa wanaita jina la mtu aje kuogelea. Jina la nani, hatujui.

Aliporudi, makaa hayajashika moto, katibu alikuwa amesimama na karatasi mkononi. Karatasi nzuri! Mistari ya biki nyekundu, maandishi ya biki ya buluu, kichwa cha habari kimepigiwa mstari mara mbili.

“Umeshamaliza?”

“Kumaliza na kupita, Kambo.”

“Chai?”

“Kesho!”

Akaenda mbio. Mama Alphonsine alikaribia meza kuitazama ile mizani iliyoachwa pale, ambayo Rubens angekuja kuichukua jioni. Sahani yake ilikuwa na maji. Mfuko wa unga ulikuwa umefungwa kwa fundo lake lile lile. Alichukua kitambaa, akapangusa maji polepole, akabaki ameshika kitambaa.

Tusimshuku mtoto wa watu. Tuendelee.

Jumamosi ile pikipiki haikuja. Siméon alikuwa ametuma ujumbe: Mama apumzike, karatasi ipo. Mama Alphonsine alifikiri, ni kwa juma hili tu, kazi ni nyingi, wanaogopa nitachoka.

Dukani waliifuata karatasi kama amri za Mungu. Vijana walipoona donge linakataa kukandika, mmoja alisema, “Patron, tuongeze maji?” Siméon akamwonyesha ukuta. “Karatasi inasema maji kilo moja. Weye unajua kushinda karatasi?” Wakakanda kwa viwiko, wakakanda kwa magoti, wakaoka.

Waheshimiwa, mliokuwapo parokiani Jumapili ile mnakumbuka. Watoto wamevaa nyeupe, mishumaa mikononi, wamefunga tangu asubuhi, wakapewa mikate. Mtoto mmoja aliuma, jino likabaki kwenye mkate. Ni kweli jino lile lilikuwa tayari linataka kutoka, lakini nani aliuliza? Wavulana waligundua kwamba mkate ukigongwa ukutani unalia kama mlango. Kufikia saa sita, mikate ya Siméon ilikuwa inachezewa mpira uwanjani. Siméon alisimama katika suti yake akitazama jina lake likipigwa mateke.

Jumatatu alifika Kataki. Katibu alikuwa nyuma yake, amebeba begi, maana baada ya hapo alikuwa anarudishwa bweni.

“Mama, umenificha,” Siméon alisema kabla ya kukaa. “Mimi, mutoto wako. Umetaja uongo ili mukono yako ibaki peke yake.”

“Nimekuficha nini, Siméon?”

“Uzito! Mutoto aliandika vile ulisema.”

Mama Alphonsine alifungua kinywa. Alikumbuka sahani yenye maji na mfuko uliofungwa. Akatazama nyuma ya mwanawe, ambako msichana mmoja alikuwa anasoma kwa makini sana viatu vyake. Angesema neno moja tu, yangekwisha. Lakini alimjua Siméon: akikasirika, mtoto hatarudi bweni, atabaki kusukuma mikokoteni ya unga. Akangoja msichana aseme mwenyewe. Alihesabu moyoni mpaka kumi, taratibu, akiruka namba za mwisho na kuzirudia ili kumpa muda.

Msichana alihamisha begi toka bega hili hadi lile.

“Niliwapa yote,” Mama Alphonsine alisema.

“Basi, kaa na mukono yako.”

Na wakaondoka.

Sasa sikilizeni jinsi majuma kumi na moja yanavyopita. Jumamosi ya kwanza alivaa kitenge cha njano, akafunga kikombe, akakaa karibu na mlango. Pikipiki nyingi zilipita Kataki siku ile. Kila moja ilimsimamisha kidogo, ikamkalisha. Jumamosi ya pili alivaa pia. Jumamosi ya tatu Rubens alipita na abiria mwingine, akamwona, akainamisha kichwa na kuongeza mwendo. Jumamosi ya nne hakufunga kikombe, alikiweka mapajani tu.

Mtaani maneno yalikuwa yamefika. Walisema amefunga mkono, amemnyima mwanawe baraka yake, kwamba kuna wazee wasiotaka wana wao waendelee. Waliokuwa wakimwomba awasaidie kwenye harusi waliacha kupita. Mama Cécile peke yake aliuliza.

“Alphonsine, ni kweli?”

“Weye unaonaje?”

“Naona umekonda.”

Siku moja alijaribu kuoka kwa ajili yake mwenyewe. Lakini mikono yake ilijua vikombe kumi na viwili. Ikipewa kimoja haikujua ianzie wapi. Alioka vyote. Mikate arobaini, mezani, kwa mtu mmoja. Aliuweka wa kwanza, ukiwa bado unaunguza, mbele ya kile kiti. Mingine aliwapa watoto wa njiani, na mama mmoja akamnyang’anya mwanawe mkate mdomoni na kuutupa shimoni, mbele ya macho yake. Tangu siku hiyo kikombe kilikaa juu ya kabati, kimepinduliwa.

Mwanzoni mwa Julai shule zilifungwa. Katibu wetu alirudi na alama nzuri, hata za hesabu. Siku ya kwanza alikwenda Kataki, kwa sababu likizo zote za maisha yake zilianzia pale, kwa mkate wa moto. Alikuta jiko baridi. Alikuwa ametayarisha mzaha njiani, akauacha mlangoni.

Mama Alphonsine hakumuuliza kuhusu alama. Alishusha kikombe chake, akakijaza maji. Akachukua kingine kinachofanana nacho, akakijaza unga pamoja na mlima wake.

“Shika. Huku maji, huku unga. Kikombe ni kile kile. Nini kizito?”

Katibu alishika. Mkono wa maji ukashuka. Mkono wa unga ukabaki juu.

“Maji, Kambo.”

“Siku ile balansi ilikuwa na maji. Haikuwa na unga hata chembe.”

Kisha akanitazama.

Naona mmenishika. Nimeandika “akanitazama”, na kalamu imeshapita. Basi tuache kufunikana: katibu ni mimi, Fanny, binti ya Siméon, na ule uso unaopendeza niliwaongezea. Nilipima kikombe kimoja tu, cha maji. Kilisoma mia mbili na hamsini. Abigaël na Lucie walikuwa wananiita, ziwa lilikuwa zuri, na darasani tulifundishwa kwamba lita moja ya maji ni kilo moja; nikasema kikombe ni kikombe, nikaandika mia mbili na hamsini kila mstari. Unga kilo tatu! Kisha nikaogelea. Yalikuwa maji matamu sana, na sijaogelea tena tangu siku hiyo.

“Ulijua toka mwanzo,” nilimwambia. “Kwa nini hukusema?”

“Ningesema mimi, ungekuwa umeshikwa. Nilitaka useme.”

“Kambo, wiki kumi na moja!”

“Nilizihesabu. Moja moja.”

Tulikwenda mjini kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma na kikombe chake kwenye kitambaa. Nilisema yote dukani, mbele ya Papa, Mama Yvette, vijana wa mikate na wateja watatu. Papa aliketi juu ya gunia. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

“Mama,” alisema mwishoni, “nisamehe. Nilidanganywa.”

“Ulidanganywa siku moja, Siméon,” Kambo alimjibu. “Zile zingine ulikuwa wapi? Hata kama ningekuwa nimekuficha kweli, si ungekuja kuniuliza kama nimekula?”

Hapo Papa akafunika uso kwa mikono yenye unga.

Tukapima upya, mara tatu, kila kitu na uzito wake. Kikombe cha unga na mlima wake: gramu mia moja hamsini na tano. Sukari: mia mbili ishirini na tano. Mafuta: mia mbili thelathini. Maji peke yake ndiyo yaliyokuwa mia mbili na hamsini. Safari hii niliandika pia mstari wa mwisho, “Kiganja cha Kambo Zacharie”, lakini mizani ilishindwa kukisoma. Namba zilirukaruka tu. Kwa hiyo mbele yake niliandika: “Mama Alphonsine aje apime mwenyewe.” Papa alitazama mstari ule, akatoka nje kumwita Rubens.

FUNDISHO

Wapendwa wa Kalemie, fundisho ni hili. Vitu viwili vikijaza kikombe kimoja, havina uzito mmoja. Pima kila kimoja, hata kama rafiki zako wanakuita majini. Kosa dogo la mtoto likifichwa humwangukia mtu mkubwa ambaye hawezi kulibeba. Na ninyi wenye wazazi wanaokaa peke yao: mkishachukua walichojua mkaandika kwenye karatasi, msidhani mmeshamaliza nao. Mzee haitwi kwa sababu mkono wake una kazi. Anaitwa kwa sababu ni Jumamosi.

Hapo nilitaka kuishia, kwa sauti nzuri namna hiyo. Lakini jana Papa alinishika tena. Alisimama mbele ya karatasi ukutani, akakuna kidevu.

“Fanny. Balansi inayosoma kijiko kimoja cha chumvi, inashindwaje kiganja kizima cha unga?”

Kambo alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango. Akaanza ghafla kupangusa kikombe ambacho hakikuwa na vumbi, maana siku ile alikuwa amesimama nyuma yangu na aliona.

Ninakiri. Mizani haikushindwa. Ni gramu arobaini na moja, zilisimama pale zikiwaka, hazikuruka hata kidogo.

Sasa umejua, Papa. Pikipiki ya Jumamosi ije vile vile.